Jinsi ya kumsaidia mtoto wa chekechea kusoma na kuhesabu nyumbani, bila kujaza machati ukutani

Jamani wazazi wenzangu wenye watoto wa awali, naandika hii mana mwaka jana na mimi niliumiza kichwa sana. Nilinunua chati mbili, ya herufi na ya namba, nikabandika sebuleni, mtoto akawa anaimba ba be bi bo bu mpaka majirani wa huku Ngamiani, Tanga wanamsikia, mi roho kwatu. Siku moja nikaziba nyingine kwa mkono nikamuachia bu peke yake, hii nini mwanangu? Akaniangalia weee, alafu akaanza ba be bi bo... mpaka aifikie. Kumbe kakariri wimbo, kusoma bado kabisa.

Basi chati weka pembeni, anza na masikio. Mtoto kabla ya herufi inabidi asikie kwamba neno lina vipande. Na sisi watu wa pwani tunao mchezo wetu wa kinyume, ule tulioutumia utotoni ili wakubwa wasituelewe, unachukua silabi ya mwisho unaileta mbele. Nazi inakua zina, samaki kisama, Tanga inakua ngata (wangu alicheka siku nzima, mji mzima umegeuka kitu cha kubebea ndoo). Usiandike chochote, mchezee tu mkiwa mnakuna nazi au mko njiani. Kikimshinda kinyume tumia makofi: sa-ma-ki makofi matatu, na-zi mawili, alafu mwambie akutafutie jikoni kitu cha makofi manne. Wangu kaniletea kifuniko. Angalieni tu ile m ya mwanzo, mchi ni makofi mawili, m-chi, hapo nilibishana mpaka na baba yake.

Akishazoea ndio ulete herufi, na hapa wengi tunakosea. Mfundishe sauti, sio jina. M ni mmm, sio em. Anza na a e i o u, ongeza m, k, t, n, l na hapohapo tengenezeni maneno: mama, kaka, taa, kuku, mto. Usisubiri amalize herufi zote mpaka z, mana Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, akiweza kuunganisha sauti mbili mwenyewe basi mengine yanakuja kwa kasi utashangaa. Walio na watoto ingilishi midiamu ndio kazi ipo, shuleni a inaitwa ei, e inaitwa ii, i inaitwa ai, mtoto anachanganyikiwa wala sio mjinga. Mimi ningesema nyumbani shikilia sauti za Kiswahili mpaka zikae, huko kwingine atafika.

Na kama anaenda chuo (madrasa) jioni, usishangae akifungua daftari la shule kutoka kulia, huko ndiko juzuu inakofunguliwa. Mwoneshe tu kwa kidole, hii tunatokea kushoto. Faida ni kwamba chuoni kashazoea kufuata msitari kwa kijiti, basi mpe kijiti chake na kwenye kitabu cha hadithi.

Vya kusoma viko barabarani bure. Daladala zimeandikwa Sahare, Pongwe, Kange, anza na Sa-ha-re mana ni rahisi, zenye ng ziache baadae, na ng' ya ng'ombe ndio ya mwisho kabisa.

Sasa hesabu. Mtoto kuhesabu mpaka hamsini kwa mdomo sio kujua hesabu, ni wimbo ule ule mwingine. Mwekee machungwa saba, ahesabu huku anagusa moja moja, akimaliza muulize yako mangapi? Akianza kuhesabu upya basi bado hajajua kwamba ile namba ya mwisho ndio jibu. Usimkaripie, rudieni kesho na kete za bao au vifuniko vya soda. Mchezo wa mdako pia mzuri sana kwa hili, mawe anayatoa na kuyarudisha mwenyewe, akidanganya wenzie wanamhesabia. Na babu zake wakicheza dhumna barazani mwache achungulie, baada ya muda ataona nukta tano atasema tano bila kuhesabu, na hiyo ni hatua kubwa.

Sokoni machungwa ya Muheza yanapangwa mafungu, manne chini moja juu. Muulize fungu moja lina mangapi, tukinunua mawili je, tukila moja njiani? Hapo hajui kama anafundishwa.

Kwenye namba kubwa kumi na moja mpaka kumi na tisa hazisumbui, zinajieleza zenyewe. Shida iko ishirini, thelathini, arobaini, ambazo hazifanani na mbili, tatu, nne hata kidogo. Wangu baada ya kumi na tisa alikua anasema kumi na kumi, na ukimfikiria hajakosea sana. Barabara zetu za Ngamiani zina namba, basi tukitembea anazisoma, tukirudi anahesabu kurudi nyuma.

Kuandika usikimbilie. Achore mchangani kwa kidole, akusaidie kukanda unga wa chapati vidole vipate nguvu. Herufi kuzigeuza umri huu ni kawaida. Anayetumia kushoto, kula sawa mfundishe kulia, lakini kalamu mwachie jamani.

Muda dakika kumi au kumi na tano kwa siku zinatosha, akianza kujinyonganyonga acheni.

Sasaivi wangu namtuma duka la jirani na sarafu ya 500, kitu cha 200, na chenji anaihesabu mwenyewe pale dirishani kabla hajaondoka. Juzi Mangi mwenye duka kamrudishia mia mbili, akagoma kuondoka.