Dar mpaka Dubai ni masaa mangapi hewani? Piga hesabu mwenyewe

Uliza watu watano utapata majibu matano, mmoja anakwambia masaa matano na nusu, mwingine anaapa ni sita na nusu, na inawezekana kabisa wote wameangalia tiketi ile ile.

Anza na umbali. Kilomita za barabara achana nazo, ndege haipiti Chalinze bana. Fungua Google Maps kwenye kompyuta, bonyeza batani ya kulia ya mausi juu ya JNIA (uwanja wa ndege wa Dar), chagua kupima umbali, kisha bonyeza uwanja wa Dubai. Itakuja kama kilomita 3,980 hivi. Jaribu na Mwanza uone tofauti, kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,100 ila angani ni kama 850 tu.

Sasa spidi. Jeti ikishatulia juu inakwenda kama kilomita 850 kwa saa, kwahiyo 3,980 gawa kwa 850 unapata kama masaa manne na dakika arobaini. Halafu ongeza nusu saa mpaka dakika arobaini na tano, maana kuna kuzunguka kwenye lami ya uwanja, kupanda, kushuka, na muda wa kwenye tiketi unahesabiwa toka ndege inaondoka ilipoegesha. Jumla ni masaa matano na robo mpaka matano na nusu. Kama ni pangaboi, yaani ndege ya mapanga yanayozunguka, mfano zile Q400 za Air Tanzania, gawa kwa 650 badala ya 850.

Yule wa sita na nusu kakosea wapi? Saa za tiketi ni saa za mji husika, na Dubai wametutangulia saa moja. Tuseme inaruka 17:00 inatua 23:30, ukitoa unapata sita na nusu ila toa moja, ni matano na nusu. Kurudi ni kinyume chake, unaongeza moja.

Hapo hapo angalia na tarehe, hii ndo inawaachisha watu ndege kweli kweli. Tiketi ikiandika tarehe 12 saa 00:30, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani tarehe 11 saa tatu na nusu usiku uwe umeshafika uwanjani na mabegi yako. Ukienda tarehe 12 jioni utakuta ndege ilishaondoka zamani.

Ukipitia Addis au Nairobi hesabu yote hii ifanye kipande kwa kipande, halafu weka na muda wa kusubiri, ambao wakati mwingine ndo mrefu kuliko kuruka kwenyewe (tiketi za bei chee ziangalie hapo kwanza). Na anayekuja kukupokea mpe namba ya ndege afuatilie mwenyewe, mwambie aongeze kama saa nzima baada ya kutua, uhamiaji na mabegi vina foleni zake.