Kushirikisha Methodi za Ndani Baina ya Vifurushi vya Java bila Kuzifungulia Wote

Katika lugha ya programu ya Java, methodi ya klasi isiyoandikiwa `public`, `protected` wala `private` huonekana ndani ya kifurushi chake (package, yaani kundi la klasi) pekee. Wengi hudhani kwamba `chama.akaunti` na `chama.akaunti.ukaguzi` ni mzazi na mwana kwa sababu ya majina yao, ilhali kompaila huvihesabu kuwa vifurushi viwili visivyojuana kabisa.

Katika programu ya chama kimoja cha akiba hapa Nairobi, niliandika methodi `rekebishaSalio` ndani ya klasi `Akaunti`, methodi isiyouliza chochote bali hubadilisha salio papo hapo. Kifurushi cha ukaguzi kiliihitaji ili kusahihisha malipo yaliyoingizwa mara mbili, nami kwa haraka nikaiandikia `public`. Baadaye nikakuta sehemu ya mikopo nayo inaiita, na pesa za wanachama zinasogezwa bila kumbukumbu yoyote kuandikwa. Simshauri mtu yeyote anayeshika hesabu za watu kufuata njia hiyo.

Badala yake, iache methodi bila `public`, utengeneze kifurushi cha tatu, `chama.ndani`, na uweke humo kiolesura (interface) `Mrekebishaji` chenye methodi moja, pamoja na klasi `Ufunguo` ya kukihifadhi. Kisha `Akaunti` yenyewe ndiyo ikabidhi ufunguo:

```
static {
    Ufunguo.weka((a, senti) -> a.rekebishaSalio(senti));
}
```

Kwa kuwa lambda hiyo (kipande kifupi cha msimbo kisicho na jina, chenye mshale) imeandikwa ndani ya `Akaunti`, inaruhusiwa kuita methodi iliyofichwa. Mkaguzi naye huandika `Ufunguo.chukua().rekebisha(akaunti, -50000)`, yaani apunguze senti 50,000, sawa na shilingi 500, na methodi yenyewe inabaki ilivyokuwa. JDK, yaani seti ya zana na maktaba za Java, hutumia utaratibu huu huu katika klasi yake `SharedSecrets`. Methodi `weka` nayo ikatae kuitwa mara ya pili, la sivyo msimbo mwingine unaweza kubadilisha ufunguo kimyakimya.

Panapowatesa watu zaidi ni wakati. Bloku ya `static` haiendeshwi hadi klasi ianzishwe, kwa hiyo mkaguzi akichukua ufunguo programu inapowaka, kabla akaunti yoyote haijaundwa, atapata `null`, yaani hakuna kitu. Kutaja `Akaunti.class` hakutoshi, kwa sababu hakuianzishi klasi. Ndani ya `chukua`, ufunguo ukiwa bado ni `null`, ita kwanza `Class.forName("chama.akaunti.Akaunti")`.

Kwa kuwa `Ufunguo` ni `public`, mlango wake lazima ufungwe kwa moduli (makundi ya vifurushi yanayotaja katika `exports` ni vipi vionekane nje), zilizokuja na Java 9 mwaka 2017. Vifurushi vyote vikiwa katika moduli moja, usikitaje kabisa `chama.ndani` kwenye `exports`. Ukaguzi ukiwa na moduli yake, tuseme `chama.ukaguzi`, andika katika `module-info.java`:

```
exports chama.ndani to chama.ukaguzi;
```

Uzio huu husimama tu programu inapoendeshwa kwa `--module-path`. Faili ya JAR ikiwekwa kwenye classpath ya kawaida (orodha ya mahali Java inapotafuta klasi), `module-info` hupuuzwa, na yeyote anaweza kuuchukua ufunguo.