Kutafuta na kung'oa kioo cha mlango cha gari la zamani

Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana kikigongwa hupata ufa na kubaki palepale. Vioo vya milangoni, kwa magari mengi ya zamani, vimechomwa kisha vikapozwa ghafla kiwandani ili viwe vigumu. Kioo cha namna hiyo hakikatwi wala hakitobolewi tena. Ukijaribu kukipunguza milimita 2 tu, chote kinamwagika chini kama chumvi ya mawe. Basi usikubali kuambiwa "kinafanana, utakichonga kidogo".

Wenye magari ya vioo bapa, kama Land Rover Series, wana ahueni: fundi vioo anaweza kuwakatia kipya kutoka kwenye kioo cha tabaka mbili, mradi unene ulingane na ule wa zamani. Kilichopinda hata kidogo, kitafute kwenye gari chakavu.

Soma kioo, si gari

Kwenye kona ya kila kioo kuna muhuri mdogo. Ukiona AS1, hicho kimeruhusiwa kwa kioo cha mbele. AS2 ni cha kupitisha mwanga wa kutosha lakini si cha mbele. AS3 ni cheusi. Herufi E ndani ya duara, pamoja na 43R, ni alama ya kanuni za Ulaya. Linganisha muhuri huo na wa kioo kilichobaki upande wa pili wa gari lako, pamoja na rangi ya kioo chenyewe: kijani, kahawia au cheupe. Tofauti ya rangi haionekani vizuri kioo kikiwa mkononi. Weka karatasi nyeupe nyuma yake.

Kisha pima. Unene hupimwa kwa kalipa, na vioo vingi vya milango viko kati ya milimita 3 na 5. Kizidi na kitakwama kwenye reli, yaani mfereji wa mlangoni ambamo kioo hupanda na kushuka. Kipungue na kitapiga kelele barabarani. Angalia pia kinavyoshikwa chini: kuna vyenye matundu ya bolti, na kuna vilivyopachikwa kwenye mkanda wa chuma. Gari la milango miwili na la milango minne huwa na vioo tofauti, hata kama jina la gari ni moja.

Mwisho pitisha ukucha kwenye mikwaruzo. Ukucha ukinasa, mkwaruzo huo hauondoki kwa kung'arisha. Ukingo wenye pengo, hata dogo kama punje ya mchele, achana nacho.

Kung'oa

Vaa miwani na glavu. Beba bisibisi ya nyota, soketi namba 10, kabari ya plastiki, kitambaa, utepe wa karatasi wenye gundi (masking tape) na kipande cha zulia.

1. Teremsha kioo hadi katikati. Mkono wa kuzungushia hushikwa na klipu ndogo ya waya nyuma yake: pitisha kitambaa kati ya mkono na kava la mlango, kivute kushoto na kulia kama anayesugua kiatu, klipu itaruka. Funika kwa kiganja, la sivyo utaitafuta majanini.

2. Fungua skrubu za kiegemeo cha mkono na za kifungulio cha mlango. Nyingine zimejificha chini ya vifuniko vidogo. Kava likigoma, usilivute kwa hasira. Kuna skrubu hujaiona. Zikiisha, ingiza kabari karibu na kila klipu, bandua, kisha inua kava juu ili litoke kwenye ukingo wa dirisha.

3. Bandua karatasi ya plastiki polepole bila kuichana. Ng'oa raba za ukingo wa juu wa mlango, ya ndani na ya nje. Zichukue; za zamani ni adimu kuliko kioo chenyewe.

4. Sogeza kioo mpaka bolti zionekane kwenye tundu la mlango. Kama ni cha umeme na gari halina betri, chomoa plagi ya mota na uipe volti 12 moja kwa moja. Ikienda upande usiotaka, geuza waya. Usifungue mota kioo kikiwa kimetolewa: mashine ya kupandishia kioo ya aina ya mkasi ina springi, na mkono wake hufyatuka kwa nguvu ya kukata kidole.

5. Bandika utepe wa karatasi kutoka upande mmoja wa kioo, juu ya fremu, hadi upande wa pili. Sasa legeza bolti. Bila utepe huo kioo kinaporomoka hadi chini ya mlango.

6. Kama kuna nguzo ya reli inayogawa dirisha, legeza bolti zake kwanza. Inamisha kioo upande wa mbele ushuke, wa nyuma uinuke, kitoke kwa mshazari. Kikigoma, rudisha chini na ubadilishe pembe.

Kioo hiki hustahimili kofi usoni, lakini ukingo wake ukigusa chuma au sakafu ya zege, kimekwisha. Kiegemeze kimesimama juu ya zulia.

Kwenye gari lako

Kama cha zamani kilivunjika, fyonza vipande vyote chini ya mlango na uzibue matundu ya kutolea maji. Vipande vikiachwa hukwaruza kioo kipya kila kikishuka. Safisha reli, pulizia silikoni, si grisi, kwa kuwa grisi hunasa mchanga. Kaza bolti kwa vidole, pandisha kioo hadi juu kijipange chenyewe kwenye reli, kishushe mpaka bolti zionekane, ndipo ukaze kwa kiasi. Plastiki irudishwe kabla ya kava, la sivyo mvua itaingia hadi kwenye zulia.