Kumfuga Kipepeo wa Mlimau Kuanzia Yai Hadi Kuruka

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Tabata aliniomba nimsaidie ili wanafunzi wake wayaone kwa macho yao mabadiliko ambayo vitabu huyaeleza kwa michoro minne tu: yai, kiwavi, pupa na kipepeo. Kazi hiyo ilinithibitishia kwamba hapa Dar es Salaam kinachowashinda wanaoanza ni sumu ambayo tayari imo majumbani mwao, wala si ugumu wa wadudu wenyewe. Ndiyo maana hatua ya pili ya mwongozo huu ni ndefu kuliko nyingine zote.

Nimemchagua kipepeo wa mlimau, ambaye jina lake la kitaalamu ni Papilio demodocus. Ni mzaliwa wa Afrika, ni mkubwa, mweusi mwenye mabaka ya manjano, na hutaga kwenye milimau, mindimu na michungwa, ambayo haikosekani katika nyua za jiji hili.

Hatua ya 1: Kutafuta mayai

Mayai hupatikana kwa wingi wakati wa masika na vuli, miti inapochipua majani mapya. Jike hutaga yai moja moja kwenye majani machanga. Yai ni la mviringo, lina rangi ya manjano iliyofifia, na upana wake ni kama milimita 1. Kata kijitawi chote chenye jani hilo, usilibandue yai.

Nasisitiza kuchukua mayai, si viwavi. Kiwavi mkubwa aliyeokotwa mtini huonekana mzima, kumbe nzi au nyigu wadogo wameshataga ndani yake, na baada ya kumlisha kwa majuma kadhaa utaambulia funza wakitoka mwilini mwake. Yapo mayai yanayovamiwa pia, lakini hasara yake ni ndogo.

Hatua ya 2: Tundu lisilo na sumu

Wazo la kwanza la karibu kila mtu ni chandarua kuukuu. Usikitumie. Vyandarua vinavyogawiwa nchini, na vingi vinavyouzwa madukani, vina dawa ya kuua wadudu katika nyuzi zake, na vimetengenezwa kwa namna ambayo dawa hiyo hustahimili kufuliwa takriban mara 20. Anayesema amekifua mara mbili tatu na sasa ni salama anajidanganya, kwa sababu kiwavi mchanga hutangatanga, hupanda kwenye neti, na kuigusa tu kunatosha kumuua.

Nunua kitambaa cha neti cha mapazia au cha mapambo ya harusi, ambacho Kariakoo huuzwa kwa mita, ukakishone juu ya fremu ya fito. Sipendi kabisa chupa za kioo na makopo yenye mfuniko, hata yaliyotobolewa matundu: kwa joto na unyevunyevu wa pwani, kinyesi cha viwavi huota ukungu upesi, na ugonjwa ukishaingia humaliza wote.

Baada ya tundu, kagua chumba. Dawa ya mbu ya kupuliza, ya kuchoma na ya kuchomeka kwenye umeme zote ni adui, na hewa hupita kutoka chumba hadi chumba. Kwa hiyo weka tundu barazani, upande ambao moshi wa dawa haufiki. Aliyejipaka mafuta ya kufukuza mbu, au aliyemwogesha mbwa kwa dawa ya viroboto, aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa majani.

Halafu kuna miche. Mche wa mlimau ulio kwenye kiriba, unaouzwa kando ya barabara, huvutia kwa majani yake yasiyo na hata tundu moja, lakini usafi huo ndio unaopaswa kukutia shaka. Baadhi ya dawa hupenya ndani ya mmea na kukaa humo kwa majuma mengi, wala kuosha jani hakuziondoi. Mimi huuamini zaidi mti wa jirani wenye majani yaliyoliwaliwa, baada ya kumuuliza mwenyewe kama huwa anaupulizia. Hata hivyo, mpe kwanza kiwavi mmoja majani hayo, umwangalie siku mbili. Akitapika majimaji ya kijani, akajinyonganyonga na kudondoka, majani hayo yatupe.

Mwisho, sisimizi: simamisha miguu ya meza katika makopo yenye maji ya sabuni.

Hatua ya 3: Kulisha

Yai huanguliwa baada ya siku 4 hadi 6, na kiwavi huanza kwa kula ganda lake. Katika hatua zake za mwanzo ana rangi ya kahawia na weupe, kama kinyesi cha ndege; baada ya kujivua ngozi mara ya nne huwa wa kijani. Ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa chake pembe mbili laini zenye harufu kali. Haziumi.

Mche hai kwenye chungu ni bora kuliko matawi yaliyokatwa. Ukilazimika kutumia matawi, ziba mdomo wa chupa ya maji kwa pamba ili viwavi wasizame, na ubadilishe maji hayo mara kwa mara, kwani mbu wanaoeneza homa ya dengi hutaga katika vyombo kama hivyo. Kiwavi aliyetulia kutwa nzima bila kula huenda anajiandaa kujivua ngozi, usimhamishe.

Hatua ya 4: Pupa

Baada ya majuma matatu au manne kiwavi huacha kula, hutoa kinyesi cha majimaji na kuanza kuzunguka. Mwekee vijiti vilivyosimama wima. Hujishikiza kwa mkia, hujifunga uzi kiunoni, kisha hujivua ngozi kwa mara ya mwisho. Pupa huwa wa kijani au wa kahawia, kutegemea mahali alipojishikiza. Usilifungue tundu siku hiyo, kwa sababu kuna nyigu wanaomngojea pupa angali laini. Akidondoka, subiri ngozi yake ikauke, kisha mtie katika karatasi iliyokunjwa kama ile ya karanga, kichwa kikiwa juu, na uibandike karatasi hiyo ukutani mwa tundu.

Hatua ya 5: Kutoka

Baada ya majuma mawili au matatu pupa hubadilika rangi, na mabaka ya manjano huonekana kupitia ganda. Kipepeo hutoka na mabawa yaliyokunjamana, hupanda na kuning'inia huku akiyasukumia maji ya mwili mpaka yanyooke. Usimsaidie kwa vidole, wala usimlazimishe kula siku hiyo. Mabawa yakishakauka, jambo linalochukua saa kadhaa, fungua neti asubuhi isiyo na mvua. Pupa ambaye hajatoka mwache palepale. Ukiona ganda lake lina kitundu kidogo cha duara ubavuni, nyigu wameshatoka humo, nawe ukague mishono ya neti kabla ya kuweka mayai mengine.