Umebanwa kwa chesi? Hivi ndo unavyotoka na droo

Huku Mji wa Kale, Mombasa, ukisema gemu imeisha droo watu wa barazani wanakucheka, eti mumeogopana. Waache na kahawa yao. Carlsen na Caruana kule London 2018 walicheza gemu 12 za kawaida za ubingwa wa dunia, zote droo, na ile ya kwanza ilienda muvu 115, mwisho wamebaki kwa ngome (ile kete ya mnara), Carlsen ana askari (kete ndogo) zaidi anasukuma weee na Caruana kakaza.

Sasa wewe ukibaki na ngome tu na mwenzako ana ngome na askari mmoja, usikate tamaa. Mfalme wako mkalishe mbele ya huyo askari, palepale anapotaka kugeuka kwini. Ngome iweke safu ya tatu kutoka ukingo wako, iwe yaenda kushoto kulia basi, kama bawabu, mfalme wake havuki hapo (ila uwahi kabla hajaingia hiyo safu, akishaingia ni story nyengine). Atachoka atasukuma askari aingie safu hiyo. Hapo hapo ngome yako ikimbie hadi mwisho wa upande wake ianze kupiga cheki (kumtishia mfalme wake) kwa nyuma, cheki, cheki, manake pale alipokuwa ajifiche mfalme sasa amekaa askari wake mwenyewe. Ujanja huu ni wa Philidor, Mfaransa wa karne ya 18, mkongwe lakini kwa Fort Jesus ni mtoto.

Kudai droo ndo wengi hufeli. Mimi hali ya ubao ilijirudia mara ya tatu (hapo una haki ya kudai droo), kwa ile furaha nkasogeza kete ndo nkamuita refa, akaniambia umechelewa, endeleeni. Nkapoteza, mkono watetemeka.

Kwahivo usiguse kitu! Muvu inayorudisha hali ileile mara ya tatu iandike kwa karatasi, simamisha saa, muite refa. Si lazima hizo mara tatu zifuatane, bora zamu iwe ya yuleyule. Ukidai uongo mwenzako anaongezwa dakika 2, so andika muvu zako vizuri toka mwanzo, si mwandiko wa kuku. Muvu 50 za kila mmoja bila kete kuliwa wala askari kusogea pia unadai vivyo hivyo.

Na kama wataka kumuomba tu, cheza kwanza, sema "droo?", ndo ubonyeze saa. Akikataa nyamaza ucheze, usimuulize kila muvu kama makanga wa matatu.