Kabla hujasaini mkopo wa pampu ya sola

Nalima nyanya kando ya kijito, nje kidogo ya Arua. Mkopo wa kwanza ulinifunza kuuliza: riba inapigwa juu ya nini? Chukua shilingi 600,000, asilimia 2 kwa mwezi, miezi 12. Ikipigwa juu ya mkopo wote, riba ni 144,000. Ikipigwa juu ya deni lililobaki, ukipunguza 50,000 kila mwezi, ni 78,000. Afisa atakwambia “mbili tu, mzee”. Mpe kalamu aandike jumla. Omba marejesho yaanze baada ya mavuno. Miche haina pesa. Kampuni ya mikopo midogo isiyopokea amana ikuonyeshe leseni ya UMRA, mamlaka ya Uganda inayosimamia mikopo midogo. Na pampu iwashwe mbele yako, maji yatoke, ndipo uweke dole gumba.