Namna ya kujaribu revolva ndogo nyepesi ya mtutu mrefu mbele ya kutoa franga

Mudogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Kentucky miaka mingi sasa, na usiku mmoja akanitumia picha kwa WhatsApp: revolva nyeusi, ndogo, mtutu umetoka mbele kidogo kuliko zile tumezoea kuona, na chini ameandika "yaya, iko nyepesi kabisa, unasema nini?" (yaya kwetu ni ndugu yako mkubwa). Nilimjibu kwa sauti, sauti ndefu, kesho yake mwenzake akaniomba ile ile, kesho kutwa mwingine, basi naandika hapa mara moja, kila mtu asome.

Kwanza juu ya sisi wa huku Lubumbashi. Bunduki si kitu ya kwenda kununua soko la Kenya, lile la hapa mjini kwetu, kama simu. Kongo iko na sheria yake ya silaha, ile Ordonnance-loi 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na bila ruhusa ya karatasi hakuna kubeba wala kuficha nyumbani, mtu akikwambia "usijali, niko na mtu wangu" mukimbie. Naandikia wale wako ng'ambo penye sheria inawaruhusu, na wale wanapenda tu kuelewa chuma vile kinafanya kazi. Mimi mwenyewe nilijifunzia huko huko Marekani, kule Texas kwa yaya wangu, miezi ile nilikaa kwake, kila jumamosi kiwanja cha shabaha.

Ile ya kwenye picha ni Ruger LCRx, mtutu wake ni wa inchi 3. Ndugu yake fupi, LCR ya kwanza, ilitoka 2009, mtutu wake haufiki hata inchi 2, gramu kama 380, inakula masasi (risasi) tano za aina ya .38 Special. Hii ya inchi 3 ikafuata 2014, gramu kama 445, nyundo iko nje unaweza kuivuta na kidole, na kilengeo cha nyuma unakirekebisha na bisibisi. Uone basi, gramu 445 ni kama simu mbili kubwa umezifunga na mpira. Smith & Wesson Chiefs Special ya zamani, ile ya 1950 ya chuma kitupu, inakaribia gramu 550. Wamepunguza uzito juu fremu ni ya aluminiamu, na sehemu ya chini yenye kushika mitambo ya kufyatulia ni ya plastiki ngumu, silinda ndo imebaki chuma.

Sasa hapa ndo watu wanajidanganya. Dukani unaishika, inakaa mkononi kama manyoya, unatabasamu, unatoa pesa. Lakini wewe umeshasonga bukari, yaani ugali, kwenye sufuria nyepesi ya aluminiamu juu ya mbabula, lile jiko la makaa? Sufuria inacheza, inazunguka, lazima mtu aikanyagie na mguu au aishike na kitambaa, na ile sufuria nzito ya mama mzee inatulia yenyewe unasonga tu. Revolva ni vile vile. Sasi ni ile ile, baruti ni ile ile, ukipunguza uzito wa bunduki nusu, nguvu ya lile teke, vile bunduki inarudi nyuma ukipiga, inakuja mkononi mwako mara mbili. Hakuna muujiza, kitu chenye umefurahia dukani ndo kitakupiga kiwanjani.

Kwa hiyo usiipime dukani peke yake. Anza dukani lakini umalizie kiwanjani, na viwanja vingi huko vinakodisha, ulizia.

Dukani fanya hivi. Omba ruhusa, fungua silinda wewe mwenyewe, angalia matundu yote tano kama iko tupu, tena pitisha kidole, hata kama muuzaji ameshaangalia mbele yako, usione haya. Halafu ishike vile ungeishika kweli, vidole vitatu vya chini vyote vikae kwenye mshiko. Zile fupi nyingi kidole kidogo kinabaki hewani, na ndo sababu zinaruka mkononi, hii ya inchi 3 inakuja na mshiko mrefu wa mpira, kwa mtu wa mkono mkubwa kama mudogo wangu hiyo peke yake ni sababu. Uliza kama wanakubali ufyatue kavu, yaani bila masasi, wakikubali elekeza upande salama, uvute gasheti, kile chuma cha kufyatulia, polepole mara ishirini bila kugusa nyundo. Ya kwanza mpaka ya tano kila mtu anaweza. Angalia ya kumi na tano na kuendelea, kilengeo cha mbele kinatikisika? Wengine wanaweka sarafu juu ya mtutu karibu na kilengeo wanavuta, sarafu ikianguka ujue kidole chako kinasukuma bunduki. (Huku kwetu franga zote ni karatasi, siwezi kuwaonyesha hiyo, ila nyie wa huko sarafu mnazo.) Ila kama ni ile ya .22, yenye kula masasi madogo, usiifyatue kavu bila kusoma kitabu chake kwanza.

Kuhusu mtutu mrefu watu wanafikiri kazi yake ni kuongeza mbio ya sasi. Inaongeza, ndiyo, lakini kwa inchi moja ni kidogo, si hiyo ingenifanya nitoe franga. Faida kubwa ni macho. Fanya hesabu: kama kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma kuna sentimita 10, ukikosea milimita 1 tu katika kupanga, kwa mita 10 sasi linaenda sentimita 10 pembeni. Ukiweka sentimita 13, kosa lile lile linakuwa kama sentimita 8 tu. Mkono ni ule ule, jicho ni lile lile, wewe hukubadilika kitu. Mtu mwenye anaanza ataiona hiyo tofauti kwenye karatasi yake siku ya kwanza.

Faida ya pili watu hawaisemi, na mi naipenda kuliko zote. Chini ya mtutu kuna kile kijiti unasukuma ili maganda matupu ya masasi yatoke kwenye silinda. Ganda la .38 Special lina urefu wa milimita 29 hivi, na mtutu mfupi unalazimisha kijiti kuwa kifupi, hakisukumi ganda mpaka mwisho. Siku moja kule Texas nilikuwa na revolva fupi ya rafiki, nimepiga tano, nimesukuma, manne yakaanguka, moja likabaki nusu ndani nusu nje, limegandamana karibu na mshiko, nalivuta na kucha, mikono myeusi, chuma cha moto, nikaungua kidole hiki cha kati, alama iko mpaka leo. Kwenye inchi 3 kijiti kinafika. Kwa hiyo ukijaribu, inua mdomo wa mtutu juu, piga kijiti na kiganja mara moja kwa nguvu, usikibembeleze, uhesabu maganda mangapi yameanguka chini. Fanya mara tano, sita. Kila mara yatoke yote tano.

Kiwanjani vaa vizibo vya masikio na miwani, hiyo haina mjadala. Na vidole vya mkono wa kushikilia visipite mbele ya silinda, kati ya silinda na mtutu kuna nafasi ndogo inatoa gesi ya moto yenye kukata ngozi, watu wa pistole za magazini wanasahau hiyo kila siku. Chukua masasi hamsini, usianze na makali. Anza na zile za kichwa bapa za gireni 148 (gireni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), ni laini, ujue bunduki bila kuogopa. Halafu za kawaida za gireni 158. Mwisho, kama unataka, zile zimeandikwa +P, yaani zenye nguvu kuliko za kawaida, bunduki hii inazikubali, ila piga tano tu halafu angalia mkono wako. Ukiona unafumba macho mbele ya mlio, simama, rudi kwa zile laini, kuogopa kukishaingia mkononi kunachukua wiki kutoka.

Tena kuna jaribio moja la bunduki nyepesi, hili usiliruke. Jaza tano, piga nne, toa ile ya tano yenye haijapigwa, iweke pembeni ya mpya kutoka kwenye boksi. Angalia kichwa cha risasi kama kimetoka mbele kidogo kuliko ya mwenzake. Teke la bunduki nyepesi linarudisha ganda nyuma kwa ghafla na kichwa kinataka kubaki, kinang'oka polepole, na kikitoka sana kitapita mbele ya silinda, silinda haizunguki tena, umebaki na jiwe mkononi. Kikisogea hata kidogo, masasi ya aina hiyo si ya bunduki hiyo, badilisha boksi, usibishane nayo.

Ubaya wake sasa, juu uko. Mfukoni mwa suruali haiingii vizuri, ile nyundo ya nje inashika kitambaa, na inchi moja ya ziada inajitokeza. Hii ni ya kiunoni, kwenye mfuko wake mgumu wa ngozi wenye kufunika gasheti. Mwenye anataka ya mfukoni achukue ile fupi isiyo na nyundo nje, na akubali maumivu yake. Mi naona wengi wananunua fupi kabisa, wanapiga boksi moja, mkono unauma, wanaiweka kwenye droo, hawaigusi tena. Hii ya inchi 3 mtu anaweza kupiga hamsini na jumamosi ijayo akarudi, na kwangu hiyo ndo hesabu yote. Iko pia ya .22 yenye mwili kama huu, inakula masasi nane, teke lake dogo sana na masasi yake bei rahisi, familia yenye watu wawili wanajifunza inaweza kuanzia hapo.

Mudogo wangu aliikodi jumamosi ile. Akanitumia picha ya karatasi, mita 7, matundu mengi yamekusanyika kama kiganja cha mkono, manne ya +P yametawanyika juu kulia. Maganda yalitoka yote, isipokuwa mara moja alisukuma polepole. Nikamuuliza swali moja tu, watoto wako watatu, mkubwa ana miaka tisa, itakaa wapi usiku? Akanyamaza kidogo. Akasema atanunua kwanza kisanduku cha chuma cha kufungia, bunduki mwezi ujao.